Nani aiuzie maktaba ya chuo vitabu?

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania na Kenya kuna mvutano wa siku nyingi kati ya maktaba na kitengo cha manunuzi. Mkutubi anataka kununua kwa muuzaji anayejua vitabu na ambaye tayari ameshaonyesha kazi yake. Afisa manunuzi anataka zabuni ishindaniwe, na mwenye bei ya chini apewe LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza. Mimi nimekaa upande wa maktaba na maoni yangu yanaegemea huko, lakini hoja za upande wa pili ni nzito kuliko tunavyokubali wakutubi tunapokuwa peke yetu.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Saruji ya kiwanda kimoja ikikosekana, ya kiwanda kingine itajenga ukuta uleule. Kitabu cha kitaaluma hakina mbadala wa namna hiyo. Kina mchapishaji mmoja, na mchapishaji ndiye anayepanga bei. Wauzaji watano wakiombwa bei ya kitabu kilekile, wote watakifuata kwa mchapishaji yuleyule au kwa msambazaji wake. Wanachotofautiana ni punguzo wanalopata, gharama ya usafirishaji na faida wanayoiweka juu. Punguzo la vitabu vya kitaaluma kwa kawaida ni dogo, dogo kuliko la riwaya na vitabu vya watoto. Kwa hiyo mzabuni mmoja akija na bei iliyo chini sana ya wenzake, swali la kwanza liwe: ameipunguza wapi?

Aghalabu jibu linapatikana boksi linapofunguliwa. Jina la kitabu ni sahihi, mwandishi ni yeye, rangi za jalada ni zilezile. Unageuza nyuma na kukuta maandishi madogo kwamba nakala hii inauzwa India, Pakistani, Nepali, Bangladeshi, Sri Lanka na Bhutani tu. Ni toleo la bei nafuu lililochapwa kwa ajili ya soko la Asia Kusini. Karatasi ni nyembamba, na mara nyingine picha zilizokuwa za rangi zimegeuka za kijivu. Kwa kitabu cha histolojia, yaani elimu ya tishu za mwili, hiyo ni hasara kubwa, maana mwanafunzi wa udaktari anatakiwa kutambua zambarau ya kiini cha seli na waridi ya sehemu inayokizunguka. Picha ya kijivu haimfundishi kitu.

Hata hivyo, kwa kitabu cha takwimu au uhasibu, toleo hilohilo ni msaada mkubwa. Kwa fedha ya nakala moja ya Uingereza unaweza kupata mbili au zaidi, na darasa la wanafunzi mia tatu likapumua. Kwa hiyo simlaumu mzabuni aliyeleta toleo la Asia kama orodha yetu ilitaja jina la kitabu na mwandishi peke yake. Orodha inayokwenda kwenye zabuni iwe na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), namba ya toleo, mwaka, aina ya jalada, na ieleze kwa kila kitabu kama toleo la bei nafuu linakubalika. Kazi hiyo inachosha, na wahadhiri huchelewa kuleta mapendekezo yao. Isipofanyika, mapokezi hayana msingi wa kukataa chochote.

Hila nyingine ni ngumu zaidi kuiona. Mzabuni anashinda orodha nzima, analeta vitabu vyepesi kupatikana, kisha vile vigumu anaviacha kwa maelezo kwamba vimeisha kwa mchapishaji. Vingine ni kweli vimeisha, na vingine hakuwahi kuvitafuta.

Tuchukue mfano wa hesabu, wa kubuni. Maktaba inataka vitabu 400. Mzabuni wa kwanza ana wastani wa shilingi 110,000 kwa kitabu, wa pili 120,000. Kwenye karatasi, wa kwanza anaokoa milioni nne. Mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, wa kwanza ameleta vitabu 270, na 40 kati yake ni matoleo ya zamani ambayo kwa haraka za mwisho wa mwaka yalipokelewa hivyohivyo. Chuo kimelipa shilingi 29,700,000 na kupata vitabu 230 vinavyofaa, yaani karibu 129,000 kwa kila kimoja. Wa pili, kama angeleta 370 vilivyo sahihi, kila kimoja kingebaki 120,000. Aliyeonekana nafuu amekuwa ghali. Na ile fedha ambayo haikutumika, maktaba itaanza upya kuiombea.

Mara nyingi tunaambiwa sheria ndiyo inayolazimisha bei ya chini. Sivyo inavyosema. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma inazungumzia bei ya chini baada ya tathmini, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya 2023 inasisitiza thamani ya fedha. Vigezo vinaruhusiwa, mradi viandikwe mapema kwenye nyaraka za zabuni na vitumike kwa wote. Kama maktaba inataka kupima asilimia ya oda iliyotimizwa, muda wa kuleta, au uwezo wa kupata vitabu vya wachapishaji wadogo, iseme hivyo kabla ya tangazo kutoka. Kuja na vigezo hivyo baada ya kuona nani ameshinda ni kuhalalisha kile ambacho sheria ilitungwa kukizuia.

Hapo ndipo ninapomwelewa afisa manunuzi. Anapomsikia mkutubi akisema “yule tumemzoea”, anasikia kitu ambacho mkaguzi naye atakisikia. Duka lililouzia chuo miaka kumi mfululizo linajua mkutubi anakagua nini na hakagui nini. Bei zinapanda kidogo kidogo bila mtu kuuliza. Kijana mwenye duka jipya, pengine mwenye mtandao mzuri wa wachapishaji, hapati hata nafasi ya kuonyesha anachoweza. Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwa sababu mazoea ya namna hiyo yaliwafungia watu nje. Na rushwa katika vitabu haihitaji bahasha: safari ya kwenda maonyesho ya vitabu, simu mpya mwisho wa mwaka, vinatosha kumfanya mtu asahau kukagua.

Upande wa pili, zabuni ya wazi inawavuta pia wenye kampuni za mfukoni, ambao mwezi uliopita waliuza viti na mwezi ujao watauza dawa za usafi. NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, unaonyesha kama kampuni imesajiliwa. Hauonyeshi kama mwenye kampuni anajua tofauti ya toleo la tatu na la nne. Hiyo kazi ni ya maktaba, na itafanyika tu kama kumbukumbu zipo: kila oda, tarehe iliyotoka, tarehe iliyofika, kilicholetwa kimakosa, kilichobadilishwa na kilichoachwa. Maktaba nyingi zinayajua haya kwa hisia, si kwa maandishi, na hisia haina nafasi kwenye kamati ya tathmini. Ningependelea mkataba wa mfumo, yaani makubaliano ya muda ambayo chini yake oda hutolewa moja moja, wenye wauzaji watatu au wanne, kila mmoja akipewa oda kulingana na rekodi yake ya robo mwaka iliyopita. Ushindani unabaki, na ubora unapimwa kwa vitabu vilivyofika.

Wapo wenzetu wanaosema tuachane na haya yote tuagize kwa wasambazaji wakubwa wa Ulaya na Marekani. Sifa zao ni za kweli. Maktaba inaweza kuandika masomo na viwango inavyotaka, na msambazaji akapeleka vitabu vipya bila kusubiri oda, pamoja na rekodi za katalogi zilizo tayari. Kwa wakutubi wachache wenye kazi nyingi, hilo si jambo dogo.

Lakini ukubwa haujawahi kuwa dhamana. Mwaka 2003 RoweCom, wakala wa majarida wa Marekani, ilifilisika wakati maktaba zilikuwa zimeshailipa mamilioni ya dola kabla. Septemba 2014 ikafuata Swets ya Uholanzi, wakala mwingine wa majarida, na tena maktaba zikabaki na madai. Oktoba 2025 Baker & Taylor, msambazaji wa vitabu wa Marekani aliyeanza 1828, ilitangaza kufunga shughuli zake. Mapema mwaka huohuo Clarivate, inayomiliki ProQuest, muuzaji mkubwa wa vitabu vya kielektroniki kwa maktaba, ilitangaza kwamba itaacha kuuza vitabu kwa malipo ya mara moja, ili maktaba zibaki na njia ya kulipia kila mwaka. Wakutubi walilalamika hadi ikaongeza muda mpaka katikati ya 2026, lakini mwelekeo haukubadilika. Kwa chuo ambacho bajeti yake inaweza kukatwa nusu mwaka wowote, kitabu cha kielektroniki kinachotoweka usipolipa ni hatari kubwa kuliko kitabu kilichochelewa miezi mitatu. Na kulipa kabla ya kupokea, hasa kwa dola, ni jambo ambalo mkutubi anatakiwa kulitetea kwa hoja kila mara.

Kuna pia vitabu ambavyo wasambazaji hao hawavifikii vizuri. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 1966 kwa sababu machapisho ya Afrika Mashariki yalikuwa magumu kupatikana kwa njia za kawaida za biashara ya vitabu. Wachapishaji wa Afrika walianzisha African Books Collective mwaka 1989 kwa ajili ya tatizo hilohilo, wauze vitabu vyao nje. Kama taasisi tajiri kiasi hicho iliona haja ya kuweka watu wake hapa, maktaba ya Dodoma au Eldoret haiwezi kutegemea katalogi ya ng’ambo kupata kitabu cha historia kilichochapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, wala ripoti ya utafiti iliyotolewa nakala mia mbili. Vitabu hivi vinamtaka muuzaji anayetembea, anayewapigia simu wachapishaji, anayejua nani amebakiwa na nakala stoo. Huyo akikosa kazi miaka miwili atafunga duka, na hakuna mfumo wa zabuni utakaomrudisha.

Na huyohuyo ndiye anayeumia zaidi kwa jambo ambalo fomu zetu za tathmini haziligusi, yaani ulipaji. Muuzaji analeta vitabu Machi, ankara inapita idara, mapokezi, ukaguzi wa ndani na uhasibu, kisha inasubiri fedha. Mwaka unaweza kuisha hajalipwa, huku benki inamdai riba. Mwaka unaofuata anapandisha bei kufidia ucheleweshaji, nasi tunamwandika kuwa ghali. Au anaacha kuomba, na orodha ya wazabuni inabaki na wale wenye mtaji wa kusubiri, ambao si lazima wawe ndio wanaojua vitabu. Fomu ya kumpima muuzaji ingeongezwa safu mbili, tarehe ya ankara na tarehe ya malipo, zijazwe na chuo chenyewe na zisomwe kwenye kamati ileile kabla ya jina la muuzaji yeyote kukatwa kwa sababu ya bei.