Herufi moja iliyonitoa kitandani usiku

"mama ana homa tena"

Ujumbe ulikuwa huo tu, maneno manne, kutoka kwa mdogo wangu aliyekuwa akimuuguza mama. Uliingia saa tano usiku. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, kimya. Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumemtoa mama hospitali, na daktari alituambia wazi kwamba homa ikirudi tusisubiri asubuhi. Nikavaa, nikatafuta gari, nikaenda roho ikiwa mkononi. Nilimkuta mama amekaa kitandani, macho makavu, ananiuliza kulikoni usiku ule. Mdogo wangu alikuwa amelala fofofo kwenye kiti, simu ameizima sauti. Alichotaka kuniambia ni kwamba mama hana homa tena. Alikuwa ananiletea habari njema.

Sikumgombeza. Alikuwa hajafumba jicho usiku mbili. Lakini tangu siku ile siwezi tena kuvumilia jibu ambalo watu hulitoa ukiwasahihisha maandishi yao: "Si umeelewa lakini?" Hapana, sikuelewa. Nilielewa kinyume chake.

Katika Kiswahili mara nyingi herufi h ndiyo inayobeba ukanushi. Ana na hana, atakuja na hatakuja, atalipa na hatalipa, atapona na hatapona: tofauti yote imekaa kwenye herufi hiyo moja mwanzoni. Anayeandika "uyu" badala ya "huyu" au "apa" badala ya "hapa" ananiumiza macho tu, maana haijapotea. Anayeandika "fundi atakuja kesho" akimaanisha hatakuja amenifungia nyumbani siku nzima. Na siku hizi kuna upande wa pili wa ugonjwa huohuo, wa watu wanaoipachika h pasipo mahali pake: hasubuhi, hasante, hamekuja, hanasema. Ukishamzoea mtu wa namna hiyo, hata pale alipoandika sawasawa humwamini. Akikuletea "hatakuja", inabidi umpigie umuulize.

Najua chanzo chake. Wengi wetu tumelelewa katika lugha zisizo na h, au zisizotenganisha l na r, na ulimi hauna kosa. Sijawahi kumcheka mtu kwa matamshi yake. Lakini mazungumzo yana uso, yana sauti, na yana nafasi ya kuuliza papo hapo. Maandishi yanakwenda peke yake, na aliyeyatuma anaweza kuwa amelala na simu ameizima sauti. Kwenye maandalizi ya harusi moja niliwahi kusoma: "mahari bado hatujapata". Nusu ya kamati walidhani ukumbi haujapatikana, nusu wakadhani upande wa bwana harusi umekwama. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye lawama kabla mwandishi hajarudi kueleza kwamba alikuwa anazungumzia mahali.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tahajia yetu ni rahisi. Mtoto wa Kiingereza hukariri maneno kwa miaka, kwa sababu herufi na sauti zao ziliachana zamani. Sisi tunaandika tunavyotamka. Na urahisi huo kuna watu waliuhangaikia: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikawa inapitia vitabu vya shule ili tahajia ifanane Afrika Mashariki yote, BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ikaanzishwa 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka 1981. Ugumu uliobaki ni mdogo mno. Kuna dh, th na gh, ambazo wengi huziangusha wakaandika zambi, selasini na gali. Kuna maneno yanayokatwa vipande, "ana kuja", "nime fika", "hatuta weza", kana kwamba kitenzi ni mabehewa yaliyochomoka. Na kuna yanayogandishwa, kwasababu, kwahiyo, kwamfano. Hayo mtu akikaa nayo jioni moja anayamaliza.

Wapo wanaosema tulaumu simu. Hapo nataka kuwa wa haki, maana ufupisho wa zamani ulikuwa na akili yake. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa kwenye simu ya mkononi huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kikomo cha ujumbe mmoja kilikuwa herufi 160. Ukizidisha, unalipa mara mbili. Kisha zilikuja zile simu za vitufe, herufi tatu au nne zimebanana kwenye kitufe kimoja. Anayezikumbuka atakumbuka pia kwamba s ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7, na x ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9. Kuandika "sasa" ulibonyeza mara kumi. "Xaxa" ilikuwa mara sita. "Si" ilikula mibonyezo saba, wakati c peke yake ilikula mitatu, ndipo ikazaliwa "cjui". Na "tu" ilikuwa kero kubwa kuliko zote: t na u zilikaa pamoja kwenye kitufe cha 8, kwa hiyo ulibonyeza t, ukasubiri, ndipo ukabonyeza u. Kumbe ukikibana kitufe cha 2 kwa muda, namba inatoka yenyewe. Aliyeandika "wa2" wakati ule alikuwa amepiga hesabu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa fungua simu uliyo nayo leo. S ni mguso mmoja, na x ni mguso mmoja. Kikomo cha 160 hakimhusu tena anayetuma kwa intaneti. "Xaxa" haikuokolei chochote, na bado ipo, na imetoka kwenye gumzo la marafiki ikaingia kwenye barua za kuomba kazi.

Kwenye herufi kubwa naona hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata watu makini wameziacha. Nikilisema hili hujibiwa kwamba herufi kubwa ni pambo la kizungu. Ni kweli kwamba Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na hati hiyo haina herufi kubwa kabisa; tenzi za karne ya 18 zilinakiliwa bila hata moja na zikasomeka. Lakini msomaji wa utenzi alikuwa na vina na mizani vya kumshika mkono. Ujumbe wa simu hauna mizani. Na sisi tuna jambo ambalo lugha nyingi hazina kwa wingi huu: majina yetu ni maneno ya kawaida. Neema, Baraka, Amani, Furaha, Tumaini, Bahati, Subira, Mashaka, Zawadi. Mara nyingi sarufi hutuokoa, maana Tumaini amefika na tumaini limefika havichanganyiki. Lakini niandikie "niko na amani" sitajua umetulia moyo au una mgeni. Niandikie "kesho njoo na zawadi". Nikija na boksi lililofungwa vizuri, na binti yangu Zawadi nimemwacha nyumbani, kosa ni la nani?

Nukta nayo imekufa kimyakimya. Watu huandika mistari kumi bila kituo hata kimoja, nawe unakata sentensi kwa kubahatisha. Wengine huandika yote kwa herufi kubwa, na huko mtu husomi, unafokewa.

Mashine nazo zimetuangusha kwa namna ambayo sioni ikizungumzwa. Simu na kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa Kiingereza. Ukiandika Kiswahili, kila neno linapigiwa mstari mwekundu, lililo sahihi na lililokosewa kwa pamoja. Anayeandika Kiingereza akiuona mstari ule anashtuka na kurekebisha. Sisi tumefundishwa na mashine ileile kuupuuza, kwa sababu unatutuhumu hata tulipoandika "asante" vizuri kabisa. Au simu inaamua yenyewe: umeandika "kama", imetuma "karma". Basi mtu anazima kirekebishi chote, anabaki na macho yake, na macho yake hayarudi nyuma kusoma. Kwenye simu nyingi unaweza kuongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya kibodi kwa dakika mbili. Nimewafanyia hivyo watu kadhaa wa familia, na mdogo wangu alikuwa wa kwanza.

Ninachowaomba watu ni sekunde tano tu kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Mtu mmoja akiandika tangazo ovyo kwenye kundi la watu mia mbili, yeye ameokoa sekunde zake tano, na watu mia mbili wamekaa kila mmoja na simu yake wakijaribu kufumbua kama kikao kipo au hakipo. Kazi aliyoikwepa haikupotea, amewagawia wao. Na simsemi mzee aliyejifunza kusoma ukubwani wala mtoto wa darasa la tatu. Nawasema watu wa ofisini, wenye shahada, wanaoandika matangazo ya kampuni na maelezo yanayopita chini ya skrini ya televisheni, ambao wanajua kabisa lakini wameona haina haja.

Maana yule ninayemtarajia akosee ndiye hakosei. Shangazi yangu alipata simu ya kugusa akiwa na umri mkubwa. Anaandika kwa kidole kimoja, miwani puani, simu ameiweka mezani kama anaandika barua, na ujumbe mmoja humchukua karibu robo saa. Nimewahi kukaa kando yake nikamwona anafika mwisho, anarudi juu, anausoma wote kwa sauti ya chini, anafuta neno moja, analiandika upya, ndipo anatuma. Wa jana ulikuwa huu:

"Hujambo mwanangu. Nimefika salama. Mvua ilininyeshea njiani lakini sikulowa sana. Baraka hana kikohozi tena. Wasalimie watoto."

Sikumpigia simu kumuuliza alimaanisha nini.