Kichina tulichofundishwa kwa kuzungushwa

Huu ni mwaka wangu wa pili Beijing, nasoma shahada ya uzamili ya lugha na utamaduni wa Kichina. Nilipokuwa Tanga likizo, kila niliyekutana naye aliniuliza: "Ukimaliza, utaingia kampuni gani ya Wachina?" Siwalaumu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda kuchukua mzigo Guangzhou na Yiwu wanakihitaji Kichina cha bei na vipimo, na wakalimani wa kwenye miradi ya barabara wanasomesha watoto wao kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni njia tunayopitishwa. Sisi nyumbani tunafundishwa Kichina kwa kuzungushwa, na wengi wanaishia njiani.

Tunazungushwa kupitia Kiingereza. Chuo nilichoanzia, kitabu kilikuwa na Kichina upande huu na Kiingereza upande ule. Mwalimu alikuwa Mchina, Kiswahili hajui. Wengi wetu tulitoka shule za kata, Kiingereza chetu ni cha kuungaunga. Alikuwepo dada mmoja aliyekulia Kisukuma, lugha yenye toni zake, yaani sauti kupanda na kushuka kubadili maana, na kwa toni za Kichina alitushinda sote. Alifeli tafsiri. Kichina alikuwa amekielewa vizuri kabisa, yaliyompotea ni maneno ya Kiingereza ya kujibia. Hakurudi muhula uliofuata, na mpaka leo linaniuma.

Sasa nieleze kilichonifungua macho huku. Muhula uliopita tulikuwa na somo la ukoo. Mwalimu akaandika ubaoni bobo, shushu, jiujiu, gugu, dayi, xiaoyi. Wenzangu wa kutoka Ulaya wakaanza kuchora majedwali na mishale, maana kwao hao wote ni majina mawili tu, moja la wanaume na moja la wanawake. Mimi nikaandika pembeni ya daftari: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, mama mkubwa, mama mdogo. Basi, nimemaliza. Upande wa baba na upande wa mama umo, mkubwa na mdogo wamo. Nyumbani maneno hayo hayo niliyakariri kupitia "anko" na "anti", nikawa kila siku nachanganya mjomba na baba mdogo, kosa ambalo mtoto wa Kiswahili wa miaka mitano halifanyi.

Na si ukoo peke yake. Wachina wazee wakikutana huulizana "chi le ma", yaani "ushakula?" Hicho ki-"le" kinawatesa wanafunzi wa lugha nyingine miaka na miaka, wakati kazi yake iko karibu sana na -me- na -sha- yetu. "Guo" nayo ni "kuwahi": wo qu guo Shanghai, nimewahi kwenda Shanghai. Hata vipimo, yaani vineno vinavyotangulia nomino, "zhang" kwa vitu bapa kama karatasi, meza na tiketi, "tiao" kwa virefu kama mto, barabara na suruali, havimshangazi mtu aliyezoea kupanga dunia kwa ngeli. Kanuni zake si sawa na za ngeli, lakini akili ya kupanga tunayo tayari. Hakuna aliyetuambia hivyo darasani.

Wachina wenyewe hawakusubiri. Redio yao ya Peking, yaani Beijing ya leo, ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Hapa Beijing nimekutana na vijana wa Kichina wanaosoma Kiswahili, na wanatoka kwenye Kichina kwenda kwenye Kiswahili moja kwa moja. Mmoja alinisalimia "shikamoo" kwa sababu nimemzidi miaka minne. Nikajibu marahaba, nikakaa kimya kidogo.

Kwetu, Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kituo cha kufundishia Kichina, ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika. Za Dar es Salaam na Dodoma zikaja 2013. Muda huo unatosha kabisa kwa mwanafunzi wa Mbeya au Mombasa kupewa, tangu somo la kwanza, kitabu kinachomweleza Kichina kwa Kiswahili. Kwa viwango vya Kichina vilivyotangazwa na China 2021, anayetaka kufika ngazi ya juu kabisa, ya saba hadi tisa, anatakiwa kujua herufi 3,000 na maneno 11,092. Mzigo huo unatosha. Kumwongezea lugha ya tatu ya kupitia ni kumwonea.

Nyuma ya haya yote kuna jambo la heshima. Huku, mtu anayesoma Kichina chuo kikuu, yaani Mchina anayesomea lugha yake mwenyewe na mashairi ya enzi ya kale ya Tang, hatakiwi kujieleza. Nyumbani rafiki yangu alichagua shahada ya Kiswahili, shangazi yake akamwuliza, "Kiswahili si unakijua, unakwenda kusomea nini tena?" Nami naona, kama hatukioni Kiswahili chetu kuwa chombo cha kusomea, hatuwezi hata kukifikiria kuwa daraja la kwenda kwa Wachina.

Tasnifu yangu nimeamua kuiandika juu ya majina hayo ya ukoo, na kazi ngumu inaanzia pale yanapoachana. Mtoto wa baba mdogo Wachina humwita "tang", wa ukoo wetu. Wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo wote ni "biao". Nikampigia mama simu usiku, kwake ilikuwa jioni, kumwuliza kama mtoto wa mama mdogo naye naweza kumwita binamu, ili jedwali langu likae sawa. Akakataa katakata. "Mwanangu, binamu ni wa mjomba na shangazi. Huyo wa mama yako mdogo ni ndugu yako, mmenyonya pamoja." Nimeiandika hivyo hivyo, sura ya pili.