Eti ukikosea unarudia tu?

Kuna makala nimesoma, mwandishi anasema gemu ya kompyuta haiwezi kumpima mtu utu wake kwa vile ukikosea unarudi nyuma unachagua tena, hapo mi nakataa kabisa, labda yeye kacheza za mpira tu kama vijana wetu hapa Arua, Uganda. Kuna hii gemu ya vita, This War of Mine, ya Wapolandi, ilitoka 2014, walichukua mfano wa kuzingirwa kwa Sarajevo, mji wa Bosnia, kwenye vita vya miaka ya 1990, we si mwanajeshi bali raia unatafuta chakula usiku, na haikuachii kusevu (kuhifadhi ulipofikia) unapotaka ili urudi hapo ukikosea, inajisevu yenyewe. Mle kwenye gemu mtu wangu mmoja alikuwa mgonjwa, nikaingia nyumba ya wazee wawili, mzee ananifuata nyuma ananisihi tu, hana hata silaha, nikabeba dawa na chakula chao chote. Asubuhi watu wangu wana huzuni, na mimi mwenyewe kusema kweli nikafunga laptopu. Jirani yetu mama mmoja alikimbia vita Sudan Kusini, nilipomsimulia akacheka kidogo akasema njaa haina adabu mwanangu. Sasa nyie wenzangu, mngewaachia wale wazee au mngebeba?