Tuache kuwaambia wanadeka

Mtoto akitema mboga, tunasema anadeka. Mgonjwa akisukuma sahani, tunasema hajitahidi. Mzee akiongeza chumvi kwenye chakula ambacho sisi tunakiona kimekolea, tunasema haambiliki. Kwa maoni yangu tunawakosea wote, na kosa letu ni lilelile: tunadhani wanachokionja wao ndicho tunachokionja sisi.

Sivyo, na ushahidi upo siku nyingi. Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, vumbi lake likaruka. Mwenzake akalalamika kwamba limemtia uchungu mkali mdomoni. Fox, ambaye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ule unga, hakusikia ladha yoyote. Wakabishana, wakaonja tena kwa makusudi, na kila mmoja akabaki na jibu lake. Fox akawaonjesha watu wengine, nao wakagawanyika vilevile. Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Sababu kubwa ya mgawanyiko huo ilipatikana mwaka 2003: jeni iitwayo TAS2R38, inayotengeneza kipokezi kimojawapo cha uchungu kwenye ulimi. Baadhi yetu tumerithi aina inayonasa uchungu huo, wengine aina isiyounasa. Na kemikali zinazofanana na ile ya Fox zimo kwenye mboga za jamii ya kabichi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kula kutoka sufuria moja, huyu akasifu na yule akakunja uso, na wote wakawa wakweli.

Ulimi wenyewe, hata hivyo, una kazi ndogo kuliko tunavyoudhania. Chukua kipande cha tunda lililoiva, bana pua kabla hujakitia mdomoni, kisha tafuna. Utasikia utamu, labda na uchachu kidogo, na majimaji yakitoka, lakini ukiulizwa ni tunda gani utababaika. Sasa achia pua ukiwa bado unatafuna. Ghafla tunda linakuja lote. Hewa yenye harufu imepanda kutoka nyuma ya koo hadi puani, na ubongo umeipokea kana kwamba imetoka ulimini. Ulimi unatambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na umami, ile ladha nzito ya supu ambayo mkemia Kikunae Ikeda aliibainisha Tokyo mwaka 1908. Pua ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipofichua familia ya jeni zinazovitengeneza, mwaka 1991, walifungua mlango uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Hapo ndipo chakula kinapopata sura yake.

Ndiyo maana mgonjwa wa mafua husema chakula hakina ladha, ingawa ulimi wake mara nyingi hauna kasoro. Na ndiyo maana UVIKO-19 uliwatesa watu kwa namna ambayo majirani zao hawakuielewa. Wengine walipoteza harufu kabisa. Wengine ilirudi ikiwa imepotoka: kahawa, kitunguu au nyama ya kuchoma ikawanukia kama kitu kilichoungua au kilichooza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ajitahidi kula, unamwambia ameze uvundo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nataka nikae kidogo hapa kwa wagonjwa, maana ndipo uchungu wangu ulipo. Mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein alichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa wakitibiwa saratani. Walipewa aiskrimu yenye ladha ngeni muda mfupi kabla ya dawa zinazoleta kichefuchefu. Baadaye, walipoletewa tena, walikuwa wepesi kuikataa kuliko watoto ambao hawakuila kabla ya dawa hizo. Mwili ulikuwa umeunganisha ladha ile na kuugua. Chuki ya namna hii humpata hata mtu mzima anayejua fika kwamba kilichomchefua ni dawa, wala si chakula. Kujua hakusaidii, kwa sababu mwili hauombi ruhusa ya akili. Sasa fikiria familia yenye upendo inayompikia mgonjwa chakula anachokipenda kuliko vyote, imlishe vizuri kabla ya kwenda kwenye matibabu. Wamefanya kwa nia njema kabisa, na huenda wamemnyang'anya chakula hicho kwa miezi au miaka. Jambo hili lingestahili kuelezwa kila familia siku ya kwanza.

Kwa mtoto mambo yanaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Miaka ya 1970 Jacob Steiner aliwatazama watoto wachanga nyuso zao wakidondoshewa matone ulimini. Kwa sukari uso ulilegea, midomo ikanyonya. Kwa kitu kichungu kinywa kilipanuka, ulimi ukasukuma nje. Hao walikuwa wachanga wa saa chache, hakuna aliyewafundisha kudeka. Katika mimea uchungu mara nyingi ni dalili ya sumu, na utamu ni dalili ya nguvu. Mtoto anakuja duniani na tahadhari hiyo tayari.

Lakini tahadhari hiyo inafundishika, hata kabla ya kuzaliwa. Katika utafiti wa Julie Mennella na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, kuna wajawazito waliokunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba. Watoto wao walipoanza kula, waliipokea nafaka yenye ladha ya karoti kwa nyuso za utulivu kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji. Baadaye katika makuzi, kinachofanya kazi ni kuonjeshwa tena na tena, kidogo kidogo, pengine mara 8, mara 10, hata 15, bila vita. Vita vinaharibu. Mwaka 2006 Leann Birch na wenzake waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 5 supu, wakati mwingine wakiwahimiza waimalize, wakati mwingine wakiwaacha. Walipohimizwa walikula kidogo zaidi na kuisema vibaya supu. Kwa hiyo naposikia "hutoki mezani mpaka umalize", naona mtu mzima anajenga chuki ambayo kesho atailalamikia.

Macho na masikio nayo yana sauti yao. Huko Bordeaux, Ufaransa, katika utafiti wa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo waliielezea mvinyo nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu kwa maneno ya mvinyo nyekundu. Na krispi zikitafunwa huku mlio wake umekuzwa kwenye spika za masikioni, watu huziona ni mpya na kavu zaidi.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni ugumu na ulaini wa chakula. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya watu 20 waliokaa kwenye kituo cha utafiti mwezi mzima, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vile visivyosindikwa hivyo. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi katika milo iliyoandaliwa vilifanywa kuwa sawa pande zote mbili. Waliruhusiwa kula watakavyo, na waliipenda milo yote kwa kiasi kilekile. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula haraka zaidi. Sidhani mwendo huo unaeleza kila kitu, lakini mimi nauona ni sehemu kubwa ya jibu. Chakula laini kinapita kinywani kabla mwili haujapata nafasi ya kusema basi. Watengenezaji wanaujua mdomo wetu vizuri sana, wakati ushauri tunaopewa na wataalamu wa afya unabaki kwenye vitamini na protini, kana kwamba tunakula kwa vitabu.

Kwa mzee mwenye kuongeza chumvi, pua imefifia kwa umri naye anatafuta kile kilichokuwepo zamani. Kumnyima tu ni kumpunguzia hamu ya kula, na mzee asiyekula hudhoofu haraka. Mpe uchachu wa limau, viungo vinavyonukia, pilipili kama anaiweza (mwasho wake hupita njia ya maumivu, si ya harufu), na kitu cha kutafuna kama meno yanaruhusu. Chumvi ipunguzwe polepole, kwa sababu mdomo huzoea katika wiki na miezi, hauzoei kwa siku moja.

Mahali pa kuanzia ni faili la mgonjwa. Limejaa joto la mwili, uzito na mapigo ya moyo, lakini sijaona lenye nafasi ya kuandika kama anasikia harufu, na ni chakula gani kinamchefua tangu aanze dawa. Ni maswali mawili, yanachukua dakika moja, na yaulizwe kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba mgonjwa anakataa kula.