Ujasiri wetu hauna mlinzi

Tangu nihamie Leipzig nimesikia mara nyingi, kwa Wajerumani na hata kwa Wakenya wenzangu, kwamba sisi huzipokea teknolojia mpya bila woga kwa kuwa hatuzijui hatari zake. Kauli hiyo siikubali.

Woga wa watu wa huku una chimbuko lake. Jirani yangu, mzee aliyekulia Ujerumani Mashariki, amelisoma faili ambalo polisi wa siri wa Stasi walimfungulia, na mpaka leo hata mkate wa asubuhi haulipii kwa simu wala kwa kadi. Google ilipotaka kuonyesha picha za mitaa mwaka 2010, takriban kaya 244,000 katika miji 20, Leipzig ikiwemo, ziliomba nyumba zao zifichwe. Watu waliowahi kupelelezwa na dola yao wenyewe wana haki ya kushuku.

Shangazi yangu, muuza mboga wa soko la Kongowea, Mombasa, hupokea malipo kwa simu kutwa nzima, ingawa matapeli waliwahi kuisajili upya laini yake kwa kitambulisho bandia, wakakomba akiba yote. Hatari hizo anazijua kuliko mimi. Lakini anakumbuka pia jinsi tulivyokuwa, kabla ya huduma ya M-Pesa kuanza 2007, tukimkabidhi kondakta wa basi bahasha ya pesa za wazazi, kisha tukabaki kuomba Mungu ifike. Amepima, akachagua, na mimi ningechagua vivyo hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba anayethubutu ndiye asiye na kinga. Katika Umoja wa Ulaya, pesa zikitolewa kwenye akaunti bila idhini ya mteja, benki hulazimika kumrudishia mara moja, naye hubeba hasara isiyozidi euro 50, ila kama alizembea kupita kiasi au alihusika na udanganyifu. Shangazi aliambiwa aende polisi.

Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, lakini Julai 2023 umati ulipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ili wapewe sarafu hizo za takriban shilingi 7,000. Mradi uliposimamishwa Agosti, zaidi ya watu 350,000 walikuwa wamekwisha kusajiliwa, na amri ya Mahakama Kuu ya kufuta data hizo ilitoka Mei 2025. Wanaowalaumu vijana wale kwa ujinga wanamlaumu mtu asiye na ajira aliyeahidiwa pesa mchana kweupe, na kuwaachilia waliopewa kazi ya kumlinda. Bunge letu lianze na jambo moja: laini ikiibwa, kampuni imrudishie mteja pesa zake kwanza, uchunguzi ufuate.