Fernando Tatis si baba wa nyota tu

Tarehe 23 Aprili 1999, mjini Los Angeles, Fernando Tatis wa St. Louis Cardinals alifanya jambo ambalo halijafanywa na mwingine katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ndani ya zamu moja ya timu yake kupiga, mara mbili alishika gongo wenzake wakiwa wamejaa vituo vyote vitatu, na mara zote mbili mpira ukavuka ukuta. Alama nne kila mara, nane kwa jumla, zote dhidi ya mrushaji yuleyule, Chan Ho Park wa Dodgers.

Wapenda takwimu hawamtukuzi sana mlinzi huyo wa kituo cha tatu kutoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka ule alivusha ukuta mipira 34. Hakuikaribia tena idadi hiyo. Majeraha yalimwandama alipochezea timu ya Montreal, na hadi anastaafu alikuwa na 113 tu. Kwa namba, hapo hawapingiki.

Ila namba hazisemi kwamba baada ya 2003 alitoweka kabisa ligini, akarudi 2006 akitafuta fedha za kujenga kanisa kwao. Mwaka 2008, akiwa na miaka 33, timu ya New York Mets ilimpa nafasi naye akapiga kwa wastani wa .297, yaani karibu mapigo matatu ya kufaulu katika kila majaribio kumi. Mimi naipa miezi ile uzito kuliko usiku wa Los Angeles, maana usiku ule, tukubali, Park naye alichangia.

Sasa kuna mwanawe, Fernando mdogo, aliyesaini na San Diego Padres mkataba wa dola milioni 340 mwaka 2021. Wapo wanaosema yote ni damu na jina. Mbona basi Chicago White Sox, waliomsajili kwanza kwa dola 700,000, walimtoa kwa Padres 2016 kabla hajawachezea hata mechi moja? Na tukimpa baba sifa zote, tumbebeshe pia adhabu ya mechi 80 ya mwaka 2022, kijana alipokutwa na dawa iliyopigwa marufuku? Baba alimtetea hadharani, jambo la kutarajiwa. Adhabu ilibaki palepale.

Mwaka 2023 kijana aliondolewa nafasi yake ya kati ya kituo cha pili na cha tatu, akapelekwa nyuma, upande wa kulia, na msimu huohuo akatuzwa kwa ulinzi. Baba naye, pale Mets, aliiacha nafasi aliyoizoea akacheza nyuma kabisa ili apate kupangwa. Mtu akiniuliza kijana alirithi nini, ningelitaja hilo kabla ya nguvu za gongo.