Alichokisema Mo Farah kinahusu nyumba zetu

Mwezi Julai mwaka 2022, Mo Farah, mkimbiaji aliyeipatia Uingereza medali nne za dhahabu za Olimpiki katika mita 5,000 na mita 10,000, alieleza katika filamu iliyorushwa na BBC kwamba jina ambalo dunia nzima inamwita si la kwake. Alizaliwa Somaliland akaitwa Hussein Abdi Kahin. Baba yake aliuawa vitani yeye akiwa na umri wa miaka minne, akatenganishwa na mama yake, akapelekwa kwa ndugu nchini Djibouti, na alipokuwa na umri wa miaka minane au tisa mwanamke asiyemfahamu akampandisha ndege kwenda London kwa hati zenye picha ya Farah na jina la mtoto mwingine. Alikuwa ameambiwa kwamba anakwenda kukaa na jamaa zake, na alikuwa na karatasi yenye anwani na namba zao. Walipofika nyumbani kwa yule mwanamke, karatasi ile ilichukuliwa, ikachanwa mbele ya macho yake na kutupwa kwenye pipa la taka.

Magazeti mengi yalishughulika na jina lililobadilishwa. Mimi naona uzito wa ushahidi wake uko kwenye kazi iliyofuata. Katika nyumba ile ya Hounslow, magharibi mwa London, alitakiwa kufanya usafi na kulea watoto wa wenye nyumba: awaogeshe, awapikie, afanye usafi wao, na akitaka kula lazima kwanza kazi hizo ziwe zimekwisha. Aliambiwa asiseme lolote kwa mtu ikiwa anataka kuwaona tena ndugu zake. Mara nyingi alijifungia bafuni akalia. Kwa miaka kadhaa hakupelekwa shule, na alipokuja kuandikishwa shule huko Feltham, pia magharibi mwa London, akiwa na umri wa takriban miaka 12, walimu waliambiwa kwamba ni mkimbizi kutoka Somalia.

Miezi miwili baadaye, Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji na taasisi ya Walk Free walitoa makadirio kwamba watu milioni 50 walikuwa wakiishi katika utumwa wa kisasa mwaka 2021, milioni 28 kati yao katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Takwimu hizo zinatisha, lakini msomaji wa kawaida akizisoma huwaza migodi, mashua za uvuvi na viwanda vya nchi za mbali. Ni vigumu kwake kuwaza sebule yenye televisheni na mtoto wa miaka tisa anayekosha vyombo jikoni wakati watoto wengine wanafanya kazi zao za shule. Farah ndiye aliyeifungua sebule hiyo watu wakaona ndani, na kwa sababu walikuwa wakimjua na kumshangilia kwa miaka mingi, hawakuweza kugeuza uso.

Wapo waliomlaumu kwa kuchelewa. Ni kweli kwamba alinyamaza karibu miaka 30, na kwamba katika kitabu cha maisha yake alichokitoa kabla ya hapo alikuwa amesimulia habari nyingine, kwamba alifika Uingereza pamoja na familia yake. Lawama hiyo siikubali. Uraia wake aliupata Julai 2000 kwa jina lile lile la kughushi, na katika filamu hiyo hiyo mwanasheria anamweleza kwamba kisheria uraia uliopatikana kwa maelezo ya uongo unaweza kufutwa, hata kama uongo huo ulitungwa na mtu mzima dhidi ya mtoto. Mtu aliyesafirishwa kiharamu hubaki na siri ambayo si yeye aliyeianzisha na bado inaweza kumfukuzisha nchini. Ikiwa Sir Mo, mwenye nishani ya Malkia na nyumba zilizojaa medali, aliogopa, basi msichana anayelala kwenye godoro jikoni ana sababu gani ya kusema?

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitangaza siku hizo hizo kwamba haitamchukulia hatua yoyote. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulikuja haraka kwa namna ambayo mwombaji wa kawaida hawezi kuitarajia. Farah mwenyewe hakujidanganya katika hilo: alisema kwamba kilichomwokoa na kumtofautisha na wengine ni kuweza kukimbia. Sentensi hiyo inanisumbua kila nikiikumbuka, kwa sababu inaeleza bila kukusudia hali ya watoto wengine wote, ambao miguu yao ni ya kawaida na ambao hakuna mtu atakayesimamisha taratibu za serikali kwa ajili yao.

Lakini tukiifuatilia hadithi yake kwa makini tunaona kwamba mbio zilikuja kuwa mlango tu. Kwanza alipelekwa shule. Pale shuleni akakutana na mwalimu wa michezo, Alan Watkinson, aliyeona kwamba mtoto huyu ambaye karibu hasemi Kiingereza hubadilika kabisa akiingia uwanjani, akamsogeza karibu hadi siku mtoto alipomweleza ukweli wa nyumbani. Mwalimu akawasiliana na ofisi ya ustawi wa jamii, na ofisi ile ikamhamishia kwa familia nyingine ya Kisomali, ambako alikaa miaka saba. Shule, mtu mzima mwenye masikio, ofisi inayofanya kazi yake: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kipaji cha mtoto. Mwanamichezo anayetaka kuusemea utumwa wa kisasa atasaidia zaidi akivielekezea kidole vitu hivyo kuliko akisimulia jinsi alivyojitahidi mpaka akafika kileleni.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa sauti nyingi za wanamichezo tulizozisikia kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, kuhusu hali ya wafanyakazi wahamiaji nchini humo. Machi 2021 wachezaji wa Norway waliingia uwanjani na fulana zilizodai haki za binadamu ndani na nje ya uwanja, Ujerumani na Uholanzi wakafuata kwa fulana zao. Siwabezi, maana walifungua mjadala ambao viongozi wa soka wangependa usiwepo. Hata hivyo, maneno yale yalikuwa mapana kiasi kwamba hakuna mwajiri, wakala wala waziri aliyeona anaguswa yeye binafsi. Wachezaji 16 wa Australia waliotoa video yao Oktoba 2022 walifanya jambo zito zaidi: walizungumza kwanza na wafanyakazi wahamiaji, kisha wakadai vitu vinavyotajika, kikiwemo kituo cha kuwahudumia wafanyakazi hao na fidia kwa walioumizwa.

Katikati ya fulana na video hizo alikuwepo Mkenya mmoja, Malcolm Bidali, mlinzi mjini Doha, Qatar, aliyekuwa akiandika kwa jina la kujificha kuhusu mabweni na saa za kazi za walinzi wenzake. Alikamatwa Mei 2021, akawekwa kizuizini kwa takriban mwezi mmoja, na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Alikuwa akiyajua maisha yale kuliko mchezaji yeyote aliyevaa fulana, na kwa kuyasema aliishia mahabusu. Nahodha wa timu ya taifa akisema maneno yale yale hupata makofi, na kama ni kosa, basi hupata barua ya kuonywa. Tofauti hiyo ya gharama ndiyo hoja yangu kubwa ya kudai wanamichezo waseme: wanaweza kubeba ushahidi wa watu ambao wenyewe wakiubeba wanavunjika.

Sasa nirudi kwetu, kwa kuwa nyumba aliyoieleza Farah inafanana mno na nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Saa tatu asubuhi siku ya Jumatano, wakati wenzake wako darasani, msichana wa miaka 12 au 13 amesimama dukani na mtoto mgongoni, ameshika noti iliyokunjwa, anaagiza mkate na maziwa ya watu wengine. Muuza duka anamfahamu kwa jina la mtoto aliyembeba. Jirani anajua kwamba aliletwa kutoka Singida au Iringa na shangazi wa mtu fulani kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Hakuna anayeuliza shule ile ilianza lini. Mshahara, kama upo, hutumwa kwa mzazi au hukaa kwa mwenye nyumba "akitunziwa", na simu ya kwenda kwao hupigwa mama mwenye nyumba akiwa amekaa pembeni anasikiliza.

Najua nitajibiwa kwamba kulelewa kwa ndugu ni desturi yetu, na kwamba wengi wetu tumesoma kwa sababu mjomba au shangazi alitupokea mjini tukamsaidia kazi za nyumbani. Ni kweli, na desturi hiyo imeinua watu wengi. Lakini mtoto aliyepokewa kwa nia njema hufua na kufagia pamoja na watoto wa nyumba, huenda shule nao, hula nao sahani moja, na akimkumbuka mama yake hupewa simu akaongea atakavyo. Mtoto anayefanya kazi ili wenzake wasome, na ambaye hawezi kuondoka wala kuwasiliana na kwao, yuko katika hali ile ile ya Hounslow. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008 na Kenya tangu mwaka 2010. Kinachokosekana ni aibu ya jirani, na aibu huja mtu anayeheshimiwa akilitaja jambo hadharani kwa jina lake.

Watu hao tunao. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, hata watu wasiofuatilia riadha walisimama mbele ya televisheni. Wanasoka Mbwana Samatta wa Tanzania na Michael Olunga wa Kenya husikilizwa na vijana ambao hawatamsikiliza waziri wala shehe wala mchungaji. Simtaki yeyote kati yao atoe hotuba ndefu. Nataka aulize, katika mahojiano ya kawaida baada ya mechi au mbio, kama dada wa kazi anayebaki nyumbani kwako ukija uwanjani ana umri wa kuwa shuleni, na kama mshahara wake unafika mkononi mwake.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zimepangwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Nchi hizo tatu zina namba moja ya simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, nayo ni 116. Wachezaji wa timu zetu wakitoka kupasha misuli wakiwa na fulana zenye namba hiyo mgongoni, kwa herufi kubwa zinazosomeka hadi jukwaa la juu, mashabiki watakuwa wamepewa kitu cha kufanya usiku huo huo watakaporudi mtaani kwao. Mashirikisho ya soka ya nchi zetu yaanze sasa kuiomba CAF, shirikisho la soka la Afrika, ruhusa hiyo, na manahodha wawe wa kwanza kuyasukuma.